Mboga za Nyumbani Kitengela, Jua la Februari Linapowaka

Ukitaka kumjua mkulima wa kweli, msomaji, usimtembelee mwezi wa Novemba. Novemba kila mtu ni hodari. Mvua ya vuli ikinyesha, hata mbegu za nyanya zilizotupwa nyuma ya jikoni pamoja na maji ya vyombo huota zenyewe na kuzaa. Ngoja hadi Februari. Kuanzia katikati ya Januari mawingu hutoweka, upepo mkavu huvuma kutwa, na ua uliokuwa wa kijani kibichi wakati wa Krismasi hugeuka rangi ya biskuti. Hapo ndipo utakapojua ni nani alipanda kwa hesabu na ni nani alibahatika tu.

Leo nakualika Kitengela, mji ulio umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Unashika barabara ya Mombasa, unapita Mlolongo pale inapoishia barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022, unafika Athi River kwenye viwanda vya saruji, kisha unakata kulia kuelekea Namanga. Zamani hapa palikuwa mbuga tupu, malisho ya ng'ombe wa Wamaasai, nyumbu na pundamilia. Tangu miaka ya 1990, eneo la viwanda vya EPZ lilipoanza kazi Athi River, watu wamehitaji mahali pa kulala. Mashamba yakakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na mbuga ikajaa mabati na kuta za mawe. Hata hivyo, asubuhi isiyo na vumbi bado utaiona milima ya Ngong upande wa magharibi, na ukibahatika, kilele cha Kilimanjaro kusini kabisa.

Waliojenga hapa walitoka Nyeri, Kakamega, Kisii, Machakos na kwingineko, na kila mmoja alikuja na jembe lake na mboga ya kwao. Ndiyo sababu ukipita mitaani na kuchungulia juu ya lango, utaona saga katika ua mmoja, terere katika wa pili, kunde katika wa tatu, na sukuma wiki katika yote. Wenyewe hawaliiti shamba. Wanasema "kamboga kangu" au "bustani ya jikoni", na wengi wao hawatumii dawa za dukani wala mbolea ya chumvi. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa swali: je, wewe unajua sukuma uliyonunua jana kibandani ilinyunyiziwa nini, na lini? Si swali la ubishi. Imeripotiwa mara nyingi kwamba baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hukuzwa kando ya mito michafu ya Nairobi, nyingine kwa maji ya mabomba ya uchafu yaliyotobolewa makusudi. Mama anayechuma majani yake mwenyewe saa kumi na moja jioni na kuyatia sufuriani saa kumi na mbili ana raha ambayo huwezi kuinunua sokoni.

Lakini raha hiyo ina adui, na adui wa kwanza ni udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya Kitengela ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule tunaouita "black cotton" hata tunapozungumza Kiswahili. Mvua ikinyesha huvimba na kunasa viatu hadi ukaviacha. Jua likiwaka hunywea, ukakauka kama tofali, na nyufa zikafunguka kiasi cha kuingiza mkono. Ukimwaga ndoo ya maji juu ya udongo uliopasuka hivyo, maji hayaendi kwenye mizizi. Yanateremka katika ufa na kupotelea chini, nawe unarudi ndani ukidhani umenywesha. Mwenye kujua hupita kwanza na jembe dogo, akavunja udongo wa juu, akaziba nyufa kwa mboji na samadi iliyooza, halafu akafunika kwa nyasi kavu. Mboji haiongezi rutuba tu. Huulegeza mfinyanzi usishikane kama saruji.

Bahati ya Kitengela ni kwamba samadi haihitaji kutafutwa mbali. Maboma ya Wamaasai yaliyo nje ya mji yana samadi iliyolundikana miaka na miaka, ile ya chini imekwisha kuwa unga mweusi usio na harufu. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Samadi mbichi huunguza miche, hasa wakati huu ambapo maji ni haba. Kuhusu nyasi za kufunikia, tahadhari na mchwa. Eneo hili lina mchwa wengi, nao huona nyasi zako kama mwaliko wa karamu. Usirundike hadi kwenye shina la mche. Acha nafasi ya upana wa kiganja, na nyunyiza jivu pale unapoona vijia vyao vya udongo.

Sasa tufike kwenye maji, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Saa moja asubuhi utasikia mikokoteni ya punda ikigongagonga mawe njiani. "Mama, leo nishushe mingapi?" kijana wa maji atauliza langoni. "Shusha minne, mwanangu, na hii ya jana ilikuwa ya chumvi, usiniletee tena." Kila mtungi ni lita 20, na kila mtungi una bei, bei ambayo hupanda kadiri mvua inavyokawia. Mitungi hiyo minne ni ya kupika, kunywa, kufua na kuoga. Je, ni haki kuchukua mmoja na kuumwaga ardhini?

Tupige hesabu pamoja, na kama una mwanafunzi nyumbani mwite aje na daftari. Katika jua la Januari na Februari huku kwetu, kitalu cha mboga hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku, kupitia majani na udongo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo kitalu chenye upana wa mita moja na urefu wa mita nne huhitaji lita 20 kila siku, yaani mtungi mmoja. Kwa mwezi ni mitungi 30. Chukua bei ya mtungi mtaani kwenu, zidisha mara 30, kisha uliza sukuma ya pesa hizo ingejaza magunia mangapi. Nitakuwa mkweli kwako: anayenunua kila tone la maji kwa mtungi hawezi kupata faida kwa kukuza sukuma wakati wa kiangazi. Anayekuambia vinginevyo ana kisima.

Hesabu hubadilika kukiwa na paa na tangi. Vitalu viwili vya kiasi nilichotaja huhitaji lita 40 kwa siku. Kutoka mwanzo wa Januari hadi katikati ya Machi ni siku 75 hivi, kwa hivyo lita 3,000 zinatosha kuvusha vitalu viwili kiangazi kizima. Paa la mabati la mita 100 za mraba hukusanya kiasi hicho kwa mvua ya milimita 40 tu, hata ukitoa kile kinachomwagika njiani. Mvua ya vuli isiyokuwa mbaya huleta zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuna tangi moja la nyumba nzima, na ifikapo Krismasi wageni wamekwisha kulioga lote. Familia zinazofaulu ni zile zilizotenga tangi la pili, hata kama ni la plastiki kuukuu, likaitwa la mboga, na mfereji wake ukafungwa kwa kufuli. Usicheke. Kufuli hilo limehifadhi mboga nyingi kuliko dawa yoyote.

Kuna pia maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yaende moja kwa moja kitaluni. Ya kusuuzia nguo yaende kwenye mpapai au mgomba. Ya kwanza kufulia, yenye povu zito, hayafai mboga, na maji yoyote ya sabuni yasiguse majani yanayoliwa mabichi, kama vile dania. Kisha nywesha alfajiri au jua likielekea kuzama, kwenye shina, polepole. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwa sindano na kufukiwa shingo chini kando ya mnyanya hufanya kazi hii vyema zaidi kuliko mtoto aliyetumwa na ndoo huku akitaka kurudi kwenye katuni zake.

Maji ya visima yana kisa chake. Visima vingi vya Kajiado vina chumvi, na baadhi vina madini ya floridi yanayotia meno rangi ya kahawia. Ukinyweshea bustani maji hayo wiki baada ya wiki, utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zikiungua. Maharagwe, karoti na vitunguu huteseka upesi. Sukuma huvumilia kiasi. Anayestahimili zaidi ni spinachi, na hapa kuna jambo la kuwafurahisha wanafunzi wa baiolojia: hii tunayoiita spinachi nchini Kenya, yenye shina nene jeupe, si spinachi ya Wazungu. Ni ndugu wa damu wa biti, yule mwekundu wa saladi, na ukoo wao ulianzia ufuoni mwa bahari, ndiyo maana chumvi haiwatishi.

Ikiwa maji hayatoshi kila mmea, basi lazima uchague utakaouacha ufe. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya huruma. Hugawa mtungi mmoja kwa mimea arobaini, kila mmoja ukapata kikombe, na mwisho wa mwezi yote arobaini ni miti mikavu. Ng'oa sukuma kuukuu zilizorefuka kama fimbo, zilizobakiza majani matatu kileleni. Acha kabichi kabisa hadi mvua. Baki na zile zinazolipenda jua. Mchicha, yaani terere, na saga hutengeneza chakula chao kwa njia ileile ya mahindi na mtama, njia inayofaa joto na isiyopoteza maji mengi. Saa saba mchana, sukuma inapolegea kama kitambaa kilicholowa, terere husimama wima. Tena haina subira: ukisia leo, baada ya wiki tatu au nne unachuma. Kunde nayo ni vivyo hivyo, na hurudisha rutuba udongoni. Saga ina tabia moja mbaya, ikionja kiu hukimbilia kutoa maua. Kata maua hayo kwa kucha kila asubuhi, nayo itarudi kwenye majani. Managu ni tamu lakini hupenda maji, kwa hiyo iweke karibu na mlango wa jikoni mahali maji ya mchele yanapomwagwa.

Tazama pia kivuli. Kitengela iko kusini kidogo ya ikweta, lakini mwezi wa Januari jua lenyewe huwa kusini zaidi. Kwa hiyo adhuhuri kivuli cha nyumba huangukia upande wa kaskazini. Joto kali zaidi ni la alasiri, kutoka magharibi. Kitalu kilicho upande wa mashariki wa ukuta hupata jua la asubuhi, ambalo ni zuri, kisha hupumzika kuanzia saa nane. Nimeona ua mmoja wenye vitalu viwili vya sukuma iliyopandwa siku moja, kimoja mashariki mwa nyumba na kingine magharibi. Ungeapa kwamba ni mimea ya mikoa miwili. Na vitalu vya kiangazi viwe vya kuzama, chini kidogo ya usawa wa ardhi, maji yabaki humo. Matuta yaliyoinuliwa ni ya msimu wa mvua.

Usidhani kiangazi ni huzuni tupu. Kina mavuno yake, na baadhi ni bora kuliko ya mvua. Nyanya zilizopandwa Oktoba huiva Januari zikiwa nyekundu kweli, na ule ugonjwa wa majani kuungua, unaozimaliza wakati wa baridi na ukungu, huwa umekwenda. Vitunguu hukauka vizuri shingoni na kukaa miezi. Maboga yamekomaa, na majani yake machanga yalikwisha kuliwa tangu Desemba. Kunde zilizozidi huchumwa majani, yakachovywa katika maji ya moto na kuanikwa kivulini. Jua hili hukausha kwa siku mbili au tatu, na katika mwezi wa Aprili, siku ya matope, utaliwa mlo wa Februari. Akina mama kutoka Ukambani na Pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili.

Wadudu nao wamo katika mavuno. Vumbi na joto huleta utitiri mwekundu, usioonekana vizuri kwa macho, lakini utaona vidoadoa vyeupe juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Huwapata sana nyanya na managu. Dawa ya kwanza ni maji, yanyunyizwe kwa nguvu upande wa chini wa jani asubuhi. Sukuma huvamiwa na vidukari, na pia mdudu mdogo mfano wa ngao, mwenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Huyu hupenda kiangazi na hutaga mayai udongoni, sababu nyingine ya kuziba zile nyufa. Mwokote alfajiri kabla hajachangamka. Pilipili iliyotwangwa, ikachujwa na kuchanganywa na sabuni kidogo ya kipande, hupunguza vidukari. Majani ya mubangi, lile gugu lenye harufu kali, yaliyolowekwa usiku kucha hutumiwa hivyo hivyo. Lakini kumbuka kwamba maji ya pilipili hayachagui. Humuua hata yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, anayekula vidukari bure bila kukudai. Nyunyiza mmea ulioshambuliwa tu. Na usimsikilize anayekushauri kuchemsha tumbaku. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa chakula, na sumu ya tumbaku ni sumu hasa.

Nyanya zina maadui wawili ambao watu huwachanganya. Wa kwanza ni Tuta, nondo mdogo aliyetoka Amerika Kusini na kuripotiwa nchini mwaka wa 2014. Kiwavi chake huchimba njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda. Hakuna muujiza: chuma majani yaliyochimbwa kila siku, yafunge katika mfuko na kuuacha juani. Usiyatie kwenye mboji. Wa pili si mdudu wala si ugonjwa wa kuambukiza. Nyanya inaoza kitako, doa jeusi kama ngozi ya kiatu. Hilo ni tokeo la kunywesha leo ndoo nzima, kisha kukaa siku nne bila tone, na maji ya chumvi huzidisha. Mwenye nyanya hizo mara nyingi hukimbilia duka la dawa, akauziwa kitu kisichohusika. Ratiba ingetosha.

Wengine ni wageni wa miguu. Ng'ombe wenye njaa hupita mitaani Februari wakitafuta jani lolote, na ua wa miti mikavu hauwazuii. Kuku wa jirani ni mtihani wa ujirani mwema. Ndege wenye mikia mirefu kama ya panya hushuka kwa makundi na kuacha mbavu tupu za majani ya spinachi. Wavu mkuukuu wa mbu, uliofuliwa na kutandazwa juu ya fito, huzuia kuku na ndege na kupunguza jua kidogo.

Huenda umesikia neno Kilimohai. Ndiyo alama ya mazao ya kilimo asilia Afrika Mashariki, na kiwango cha pamoja cha nchi zetu kilipitishwa mwaka wa 2007. Mkulima wa ploti haihitaji alama hiyo, kwani halazimiki kumthibitishia mtu yeyote ila wanawe. Lakini mkulima wa Kilimohai ana kazi nyingine iliyo muhimu wakati huu, nayo ni mbegu. Kiangazi ndicho msimu wa kuzikausha. Acha mashina mawili ya terere na mawili ya saga yaliyo bora, usiyachume, yakomae. Yakaushe kivulini, pepeta, na weka kwenye chupa yenye jivu kavu.

Ifikapo wiki ya pili ya Machi, tazama upande wa Lukenya alasiri. Mawingu huanza kusimama, na visulisuli vya vumbi huzunguka barabarani. Usikimbilie kupanda kwa sababu ya matone ya siku moja. Panda ngazi kwanza, ufagie paa na mifereji yake. Vumbi la miezi mitatu limelala hapo pamoja na kinyesi cha ndege. Mvua ya kwanza iache imwagike yote nje. Ya pili ndiyo ya tangi, na kufuli liwe tayari.